Wasomi wa Kiingereza wanasoma madesa, hawasomi vitabu

Mhariri,

Jumanne iliyopita mlichapa barua ya msomaji wa Tabata aliyetaka serikali iache kuwakopesha wanafunzi wanaosoma Kiingereza na fasihi yake chuo kikuu. Alisema miaka 3 ya kusoma hadithi za Wazungu ni hasara tupu, hela hizo bora wapewe wa uhandisi na udaktari. Niliisoma mara mbili nikisubiri umeme urudi, maana siku hiyo mtaani kwetu ulikatika tangu saa 3 asubuhi na mashine zote zilikuwa zimelala. Nakubaliana naye kwamba hasara ipo. Ila kaitafuta sipo.

Mimi nina stesheneri Sinza Makaburini, huu mwaka wa 15. Natoa kopi, nachapa, naprinti, nabaindi. Wanafunzi wa vyuo mbalimbali waliopanga maeneo haya wananiita Mama Kopi. Si msomi. Kidato cha nne nilimaliza 1997, na Kiingereza niliambulia D. Lakini mtu anayechapa kazi za watu miaka yote hiyo huona mambo ambayo mhadhiri hayaoni, kwa sababu mhadhiri huletewa kazi ikiwa imeshaoga na kuvaa. Mimi huletewa ingali na matongotongo.

Msimu wa UE, mitihani ya mwisho wa muhula chuoni, ukikaribia, kinachonilipia kodi ya fremu ni madesa. Kwa asiyejua, desa ni yale makaratasi ya muhtasari: kitabu kinahusu nini, wahusika, dhamira ya kwanza mpaka ya saba, basi. Lipo desa moja la kurasa 14, la ile tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, ambalo limekuwa likipita kwenye mashine yangu tangu 2016. Ukurasa wa 6 una duara la kikombe cha chai. Mwenyewe wa kwanza, popote alipo, aliweka kikombe pale. Kopi ikatolewa kopi, na kopi ya kopi, duara likazidi kuwa jeusi mpaka likameza mistari miwili. Mistari hiyo hakuna ajuaye ilisema nini. Nimechapa insha ambazo zinatoka dhamira ya tatu zikaruka hadi ya tano bila mtu kushtuka, na nikiziona tu najua: hii imekunywa chai ya ukurasa wa 6.

Si hilo tu. Aliyelichapa desa hilo mwanzo aliteleza kidole, Antonio akawa Antonia. Muhula mmoja nilichapa insha 11 zenye Antonia, na kwa kuwa ni Antonia, Kiingereza chote kikafuata kwamba ni mwanamke. Jamani, mwanamume mzima, mwenye meli zake baharini! Nikamwambia binti mmoja, "Mwanangu, huyu si ni mwanamume?" Akanijibu kwa heshima zote, "Mama, we chapa tu, ndivyo ilivyo kwenye desa." Wiki 3 baadaye akapita kunionyesha alama: 14 kati ya 20, Antonia yuko vilevile na kalamu nyekundu haikumgusa. Simlaumu sana mhadhiri. Labda alikuwa na rundo la kazi mezani na watoto nyumbani. Lakini kama Antonia anapita, kitabu anakisoma nani?

Sasa nimsimulie msomaji wa Tabata kijana mmoja.

Mwaka jana mwezi wa 5 alikuja na vitabu viwili. Kimoja ni hiyohiyo tamthilia kwa Kiingereza, kakinunua kwa wauza vitabu vya mitumba kule Posta. Cha pili kimetoka jalada, kakiazima kwa babu yake: Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969. Akataka ukurasa wa hiki na ukurasa wa hiki vikae kwenye karatasi moja, ubavu kwa ubavu. Vitabu vyenyewe havilingani ukubwa, ikabidi nihangaike kupunguza na kukuza, na katika kuhangaika nikasoma majina yote mawili. Kiingereza changu cha D kilinitosha hapo. Nikamuuliza, "Kijana, mbona 'merchant' ni mmoja, huku ni mabepari wengi? Na 'merchant' si mfanyabiashara tu?"

Akashusha begi begani. Akasema hilo ndilo lililomleta. Shakespeare anamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, ingawa watu wengi humdhania Shylock, yule mkopeshaji. Mwalimu yeye kawafanya wengi na kawaita mabepari. Tena ni 1969, Azimio la Arusha, lile la ujamaa, lina miaka 2 tu tangu litangazwe. "Kwa hiyo, mama, kwa Mwalimu anayedai na anayedaiwa wote wamo kwenye jina la kitabu." Nikamuuliza baba yake anafanya kazi gani. Anauza vitenge Kariakoo. "Sasa baba yako ni yupi kati ya hao?" Akacheka. "Inategemea anatafsiri nani."

Huyo Mwalimu, nikumbushe, alikuwa rais wa nchi. Alikuwa ameshatafsiri tamthilia ya Juliasi Kaizari 1963, asiridhike, akaipitia upya na kuitoa tena 1969. Nchi changa, shida kila kona, na mkuu wake anakaa kupima neno moja la Kiingereza lina uzito gani kwa Kiswahili. Alimaliza chuo kikuu cha Edinburgh 1952, akafundisha shule ya Pugu hapa jirani. Sidhani kama aliona anapoteza muda.

Turudi dukani. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri kuprinti fomu akauliza hadithi yenyewe inasemaje. Tukasimuliwa kwa Kiswahili safi. Kijana Bassanio anataka hela za kwenda kuposa. Rafiki yake Antonio anamdhamini kwa Shylock, dukati 3,000, miezi 3. Riba hakuna, ila zisipolipwa Shylock atakata ratili moja ya nyama kwenye mwili wa mdhamini. Meli zinasikika zimezama, siku zinaisha, watu wapo mahakamani na kisu kinanolewa. Mama Chapati, jirani yangu wa fremu, ambaye miezi miwili kabla watu wa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza, walikuwa wamembebea friji, akaacha kuhesabu chenji.

Ikafika pale Portia, amevaa kama mwanasheria wa kiume, anapomwambia Shylock: nyama ni yako, kata, lakini damu isitoke hata tone, maana haimo kwenye mkataba. Bodaboda akapiga kofi mezani. Mama Chapati yeye hakucheka.

"Hapa kwetu wamegeuza," akasema. "Damu wanakausha, nyama wanakuachia utembee nayo."

Yule kijana akaniomba karatasi, akaliandika neno hilo, akamwomba ruhusa alitumie. Kesho yake akaja kuchapa insha yake. Alikaa nusu saa nzima akitafuta Kiingereza cha kausha damu, anajaribu, anafuta, anajaribu. Nimechapa insha nyingi, Mhariri, na hiyo ndiyo pekee niliyoisoma nikasahau kuhesabu kurasa za kumtoza.

Alipata 9 kati ya 20. Pembeni ya maneno ya Mama Chapati aliandikiwa kwa wino mwekundu kwamba ametoka nje ya mada. Wa Antonia, 14.

Hasara ninayoiona mimi ndiyo hiyo. Mkopo ni uleule kwa wote wawili. Mmoja amefundishwa kwamba kusoma kunalipa kidogo kuliko kukariri, na mwingine atamaliza digrii bila kugundua kwamba Antonio ana ndevu.

Wala sisemi wanafunzi ni wavivu. Mtoto wa shule ya serikali anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza karibu kila kitu ni Kiingereza. Haelewi, lakini mtihani haumsubiri aelewe, kwa hiyo anakariri. Anakariri biolojia, anakariri historia, anafaulu. Akifika chuo kikuu kusoma Kiingereza chenyewe, desa ni rafiki yake wa tangu utotoni. Na kitabu kipya dukani ni hela ya kula wiki nzima, boom lenyewe, ile hela ya kujikimu ya mkopo, hujui litatoka lini. Maktaba wananiambia nakala ni chache, wanapeana zamu. (Kutoa kopi kitabu kizima nilikuwa natoa zamani. Siku hizi nakataa, sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na sitaki kesi. Desa halina mwenyewe.)

Kuna jingine linanichekesha kila mwaka. Nimechapa insha nyingi kuhusu wahadhiri 3 wa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban Lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, ambao 1968 walitaka Idara ya Kiingereza pale chuoni kwao ivunjwe, fasihi ya Afrika ndiyo ikae katikati. Na kuhusu mkutano wa Makerere wa Juni 1962, wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza, uliofanyika mwezi huohuo ambao Shaaban Robert alifariki, yeye akiwa hahesabiki kwa sababu aliandika Kiswahili. Vidole vyangu vinayajua majina hayo yote bila kuangalia. Basi hoja hiyo nzito ya kusoma dunia kwa macho yetu wenyewe, nayo inakaririwa kutoka kwenye desa.

Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliposhinda Nobeli ya fasihi, wiki nzima watu walipita dukani kuuliza kama nina vitabu vyake. Sikuwa hata nimewahi kulisikia jina. Kitabu chake cha 1994 kilipotoka kwa Kiswahili hapahapa Dar es Salaam mwaka 2022, kwa jina la Peponi, kilichotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, nilikinunua kwa hela yangu nikawa nakisoma wateja wakipungua. Ni kisa cha mtoto Yusuf, baba yake ana deni, mtoto anakabidhiwa kwa tajiri ambaye yeye anamwita mjomba. Binti mmoja wa mwaka wa pili alikuja kuchapa insha kuhusu kitabu hichohicho cha Kiingereza, dhamira ya kwanza "ajira kwa watoto". Nikamwambia, mwanangu, huyu mtoto si kaajiriwa, kawekwa rehani. Akanyamaza. "Kumbe rehani?" Kwao Mbagala hati ya nyumba ya bibi iko rehani, neno hilo halihitaji kufundishwa. Alikaa kwenye benchi langu na nakala yangu mpaka nafunga saa 3 usiku, akaondoka nayo, akairudisha baada ya siku 4 ikiwa na mikunjo kwenye kurasa. Nilimsamehe.

Msomaji wa Tabata aliuliza watu hawa watafanya kazi gani. Sitachelewa hapo. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tangu 2019 na ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022. Mikutano hiyo haijitafsiri yenyewe, na hatafsiri mtu aliyekariri dhamira 7.

Kwa hiyo ninayo maombi, na mawili ni kwa wahadhiri, najua mnasoma gazeti hili maana wengine mnanunua kwenye meza iliyo mbele ya fremu yangu. Mtihani wa fasihi uweke ukurasa mmoja wa kitabu mbele ya mwanafunzi, aulizwe kuhusu ukurasa huo: neno hili kwa nini, huyu anamaanisha nini hapa. Biashara yangu ya madesa itakufa ndani ya muhula mmoja, nami nitauza maandazi. La pili, kazi mojawapo ya mwaka iwe kutafsiri kurasa chache kwa Kiswahili na kueleza kila uamuzi. Huwezi kutafsiri Antonia. Ukifika kwenye sentensi ya pili utagundua ni mwanamume.

Ombi la tatu ni kwako, Mhariri. Nipe nusu safu, hata kila baada ya wiki mbili, kwa ukurasa mmoja uliotafsiriwa na mwanafunzi. Kurasa ninazo. Ndani ya bahasha hii nimeweka wa kwanza: lile baraza la hukumu la Venice, katika Kiswahili cha yule kijana wa 9 kati ya 20, aliyejaribu kwa namna yake bila kunakili ya Mwalimu. Ameniruhusu kuutuma. Jina lake tu msiliweke kwanza, matokeo ya mwaka wa tatu hayajatoka.

Mama Kopi,
Sinza Makaburini, Dar es Salaam