Barua ya wazi kwa mabinti wachezaji: habari ya jicho na mpira

Wanangu,

Mnaambiwa mara kwa mara kwamba mwanamke hana jicho la mpira. Neno hilo msilimeze zima, wala msilitupe lote. Vipimo vingi vinaonyesha kuwa, kwa wastani, wanaume hutambua upesi kidogo upande ambao kitu kinaelekea. Wanawake nao hupambanua vizuri zaidi rangi zinazokaribiana, na upofu wa rangi wa kurithi huwapata takriban 1 kati ya 200, ilhali kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ni kama 1 kati ya 12. Lakini wastani hauingii uwanjani. Wapo wasichana tele wanaowapita wavulana katika vipimo hivyo hivyo, na aliyezoea kudaka tangu utotoni ana faida isiyohusiana na jinsia.

Kabla ya zoezi lolote, pimeni macho, kila jicho peke yake. Jicho moja zima huficha udhaifu wa mwenzake kwa miaka, na mchezaji hulaumiwa kwamba ana mikono mizito. Macho makavu yanawasumbua wanawake zaidi: mpira unafifia, unapepesa, unarudi kuwa safi. Ujauzito na dawa za homoni vinaweza kubadilisha unyevu wa jicho, hata lenzi ya kuvaa jichoni uliyoizoea ikaanza kukukereketa. Mwambie mtaalamu unatumia nini. Asipouliza, sema mwenyewe.

Kipimo kimoja mnakiweza nyumbani. Shika kalamu yenye herufi ndogo, uilete polepole kutoka urefu wa mkono hadi kati ya macho. Inapogawanyika kuwa mbili, mwenzako apime umbali. Chini ya sentimita 6 ni vizuri. Ikifika 10 au zaidi, nenda kwa mtaalamu. Rudia mara 5, maana macho dhaifu huanza vizuri kisha yakachoka. Mwenzako aangalie pia kama jicho moja linakimbilia nje huku wewe ukidai unaona moja tu: hapo ubongo umelizima jicho hilo.

Sasa kufuatilia. Jicho hufuata kitu kwa mienendo miwili: kuteleza na kuruka. Likiteleza hufuata kitu vizuri hadi mwendo wa kama digrii 30 kwa sekunde. Zaidi ya hapo huanza kuachwa, likalazimika kuruka, na wakati wa kuruka halioni kitu cha maana. Pasi kali inayokupita karibu huvuka kiwango hicho mbali sana. Kwa hiyo lile agizo la "usitoe macho kwenye mpira" ni nusu ya ukweli. Wapigaji hodari wa kriketi huutazama mpira ukiachwa mkononi mwa mrushaji, kisha jicho huruka mbele hadi pale utakapodunda na kuusubiri. Mazoezi yenu yaanzie hapo: mkono au mguu wa anayetoa pasi.

Kwa kuteleza, ning'inizeni mpira wa tenisi kwa uzi wa mita 1.5, ufike usawa wa macho. Uandikwe herufi za sentimita 1 pande zote. Simama mita 2, mwenzako auyumbishe sentimita 40 kila upande, nawe utaje herufi kwa dakika 1, kichwa kimetulia. Kwa umbali huo mwendo unabaki ndani ya uwezo wa jicho. Ukisogea hadi mita 1 unakaribia kuwa maradufu, kwa hiyo usogee taratibu, wiki hadi wiki. Kosa kubwa ni kichwa kugeuka na mpira bila wewe kujua. Mwenzako akuwekee vidole viwili kidevuni, atakisikia. Uzi mfupi huharakisha yumbo, kwa hiyo msiufupishe mapema.

Kwa macho kushirikiana, tumieni kamba ya mita 3 yenye shanga tatu: sentimita 40, mita 1, mita 2.5. Ncha moja fungeni kwenye nguzo, nyingine ishikeni puani. Ukitazama ushanga, utaona kamba mbili zinazokatana palepale ushanga ulipo. Zikikatana mbele yake, upande wako, macho yamejikaza kupita kiasi; zikikatana nyuma yake, hayajafika. Kamba moja ikitoweka, jicho moja limezimwa. Sekunde 5 kila ushanga, dakika 3 zinatosha.

Michezo ya skrini sina hamu nayo sana. Hukufanya hodari wa skrini. Kwamba ustadi huo unahamia uwanjani, ushahidi ni mchache.

Wafungaji wa kikapu, nanyi mna lenu. Tangu utafiti wa Joan Vickers wa 1996 kuhusu mitupo huru, tunajua kuwa wafungaji bora hulituliza jicho mapema na kwa muda mrefu zaidi. Chagua sehemu moja ya ukingo wa ringi, uikazie macho karibu sekunde 1 kabla mikono haijapanda.

Mtikisiko wa ubongo huwapata wasichana zaidi kuliko wavulana katika soka na kikapu, na mara nyingi huvuruga macho kukutana. Ukigongwa kichwa, toka uwanjani. Kamba ya shanga isubiri ruhusa ya daktari. Ukiona vitu viwili viwili, mwanga unaomweka au pazia jeusi pembeni, hospitali ni siku hiyo hiyo.

Shangazi yenu