Harambee ya Matarumbeta na Mwalimu Wake: Wito kwa Washarika, Wazaliwa na Marafiki

Wapendwa washarika mlioko hapa nyumbani, ndugu zetu mlioko Dar es Salaam, Arusha, Dodoma na ng'ambo, pamoja na marafiki wote wa usharika wetu, Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya Kamati ya Vijana na Muziki ya usharika wetu, hapa kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ninawaandikia kuwaomba mshiriki katika harambee itakayofanyika Jumapili ya kwanza baada ya Krismasi, wakati ambapo wengi wenu mtakuwa mmepanda nyumbani kama ilivyo desturi yetu. Tunahitaji shilingi milioni 28 kwa ajili ya kununua matarumbeta na ala nyingine za kikundi cha vijana, na kwa ajili ya kumlipa mwalimu wa muziki kwa muda wa miaka 2 mfululizo. Naomba mlitie moyoni hilo la mwalimu tangu sasa, kwa kuwa ndilo lililotufanya tuandike barua ndefu kuliko ilivyo kawaida yetu.

Kila mwaka watoto wetu hubarikiwa kipaimara mbele ya madhabahu, wazazi wakiwa wamejaa furaha na mbuzi amekwisha kuandaliwa nyumbani. Kisha, miezi michache baadaye, mtu akiketi kanisani na kutazama upande wa vijana, anaona viti vitupu. Hawakuasi imani. Walifundishwa mambo mengi, lakini hawakupewa kazi yoyote ambayo wasipokuja Jumamosi itakwama. Hali ni ngumu zaidi kwa wale wanaomaliza kidato cha nne mwezi Novemba, ambao husubiri matokeo hadi Januari, na hata waliochaguliwa kuendelea na kidato cha tano hukaa nyumbani hadi Julai. Hiyo ni miezi 8 ambayo kijana mwenye nguvu na akili timamu huamka asubuhi bila kujua siku inamtaka afanye nini. Wazee wa mitaa wanajua vizuri jinsi miezi hiyo inavyoliwa katika vijiwe na kwenye vilabu vya pombe, na ni wao waliokuja kwenye kamati wakiuliza, kwa uchungu, kama kanisa halina jambo la kuwapa vijana hawa mbali na mahubiri.

Jambo lipo, na sisi tumelelewa nalo. Yeyote aliyewahi kuimba kwaya anakumbuka siku alipopangiwa sauti ya tatu au ya nne, akakuta kwamba mstari wake, ukiimbwa peke yake, haufanani hata kidogo na wimbo anaoujua. Unaweza kuwa na noti tatu zinazojirudia. Anapoanza kuimba na wenzake ndipo anaposikia kwamba noti zile tatu ndizo zilizoubeba wimbo wote, na kwamba akizipandisha kidogo tu kwa tamaa ya kusikika, anawaharibia watu arobaini. Kijana huyo anatakiwa afanye mambo mawili kwa wakati mmoja: ashike sauti yake bila kuvutwa na jirani, na huku amsikilize jirani huyo kwa makini kuliko anavyojisikiliza mwenyewe. Sijui somo jingine shuleni linalomdai mtoto mambo hayo mawili pamoja, tena kila dakika, mbele ya wenzake, pasipo kumwaibisha.

Tarumbeta linaongeza madai yake. Lina vitufe vitatu tu, na mtoto hushangaa sauti nyingi hivyo zinatoka wapi. Kitufe cha pili hushusha sauti kwa nusu toni, cha kwanza kwa toni moja, na cha tatu kwa toni moja na nusu. Kazi iliyobaki hufanywa na midomo na pumzi ya mpigaji, kwa sababu vidole vilevile vikibonyeza vitufe vilevile vinaweza kutoa sauti ya chini au ya juu kwa kadiri midomo inavyokazwa. Hakuna njia ya mkato hapo. Asiyefanya mazoezi siku nne, midomo humsaliti siku ya tano, na kila mtu hulisikia jambo hilo. Aidha, kusoma noti ni kugawanya: pigo hugawanyika nusu, na nusu ikagawanyika robo, na kijana ambaye ubaoni alikataa kuelewa hesabu za sehemu anajikuta anazihesabu kwa mguu wake. Kwa kijana mwenye aibu, na hasa kwa wasichana ambao kwa muda mrefu tumewaachia kuimba huku wavulana wakishika ala, kusimama na kupiga mstari ambao hakuna mwingine anayeupiga ni ujasiri anaoondoka nao mazoezini hadi darasani.

Hatutaki kuwaahidi zaidi ya tunachoweza kukisimamia. Kujifunza muziki hakumpi mtoto daraja la kwanza, na uchunguzi uliofanyika nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2004, ukihusisha watoto 144 wa miaka 6, ulionyesha kwamba waliofundishwa kinanda au uimbaji walipanda katika vipimo vya akili kuliko wenzao, lakini kwa kiasi kidogo. Lililotugusa sisi ni uchunguzi mwingine, wa mwaka 2014, uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern wakiongozwa na Nina Kraus, kuhusu watoto wa familia za kipato cha chini huko Los Angeles, nchini Marekani, waliokuwa wakifundishwa muziki bila malipo. Baada ya miaka 2, ubongo wa watoto hao ulikuwa ukitofautisha vizuri zaidi silabi zinazokaribiana kwa sauti, uwezo ambao unahusiana na kujifunza kusoma. Baada ya mwaka mmoja, badiliko hilo lilikuwa bado halijaonekana.

Tuliposoma habari hiyo katika kikao tulinyamaza, kwa maana kila mmoja wetu alikumbuka stoo ya kanisa. Miaka kadhaa iliyopita usharika wetu ulichangishana kwa moyo mkunjufu, ukanunua matarumbeta manne mapya, yakawekwa wakfu kwa shangwe, na mwalimu akaja kwa miezi michache kwa posho ya nauli. Nauli ilipokwisha, mwalimu hakuja tena. Vijana walijaribu kuendelea wenyewe, vitufe vikakwama kwa kukosa mafuta, na ala zile zikarudishwa stoo ambako tumezikuta na kutu kwenye maungio. Kosa hilo ni letu sisi viongozi, wala si la vijana, na tumeona ni haki tuliseme waziwazi kabla ya kuwaomba fedha tena.

Kwa hiyo hesabu ya safari hii imekaa namna nyingine. Shilingi milioni 18 ni za ala za kupuliza na ngoma: matarumbeta 8 kwa shilingi 700,000 kila moja, tromboni 4 kwa shilingi 900,000, yufoniamu 2 kwa shilingi 1,800,000, tuba 1 kwa shilingi milioni 4, na ngoma kubwa na ndogo kwa shilingi 1,200,000. Shilingi milioni 8.4 ni posho ya mwalimu, yaani shilingi 350,000 kila mwezi kwa miezi 24, nazo zitawekwa katika akaunti ya peke yake ambayo Baraza la Wazee limeazimia isiguswe kwa hitaji lingine lolote, hata paa likivuja. Shilingi milioni 1.6 zilizobaki ni za mafuta ya vitufe, matengenezo, madaftari na stendi za noti. Endapo fedha hazitatosha, tutapunguza tromboni. Hatutapunguza miezi ya mwalimu.

Tunaomba hili tukijua tunatoka wapi. Wamisionari wa Leipzig walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893 walitoka katika nchi ambayo kwaya za matarumbeta ni urithi wa makanisa ya Kilutheri, na watu wetu walizipokea sauti hizo, wakazifanya zao hata leo hakuna harusi wala mazishi makubwa hapa yasiyo na matarumbeta. Vilevile, tuni ya wimbo wa Taifa ambao kila mwanafunzi wa Tanzania huuimba ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu kijana wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, aliyekuwa akiwaimbisha wanafunzi wake. Kwaya ya watoto haikuwa jambo dogo wakati ule, wala si jambo dogo sasa. Na kwa kijana atakayetaka kwenda mbali zaidi, chuo kikuu cha kanisa letu kilichoko Makumira kinafundisha muziki hadi shahada, lakini anayeingia huko bila kuwahi kusoma noti hupata taabu kubwa.

Mafunzo yatakuwa ya bure kwa vijana wa kuanzia miaka 12, nusu ya nafasi zikiwa za wasichana, na hayatawafungia nje majirani zetu Wakatoliki, Waislamu au wa dhehebu lolote, kwa kuwa vijiwe vile pia havikuwauliza dhehebu. Mazoezi yatafanyika Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi, na mzazi ataombwa jambo moja tu, kwamba mtoto asipewe kazi nyingine saa hizo.

Bahasha zimekwisha kugawiwa katika mitaa yote, na kadi za ahadi ziko kwa wazee wa kanisa. Walioko mbali wanaweza kutuma michango yao kwa mhazini wa usharika kupitia ndugu zao walioko nyumbani, na kila mchango, mdogo au mkubwa, utapewa stakabadhi na kusomwa kanisani. Asiye na fedha alete mkungu wa ndizi, kuku, kahawa au maziwa, nasi tutavinadi nje ya kanisa mara baada ya ibada, kama tulivyozoea. Kamati itatoa taarifa ya mapato na matumizi kila baada ya miezi 3 kwenye ubao wa matangazo, na vijana wenyewe watapiga mbele yenu Jumapili ya Pasaka mstari wowote watakaokuwa wamefikia, hata ukiwa ni wa noti tano. Na kama kuna familia iliyohifadhi tarumbeta kuukuu la babu au mjomba aliyewahi kupiga kanisani, tunawaomba mlilete siku hiyo. Tumempata fundi wa kulikagua, pamoja na yale manne ya stoo, ili tujue yapi yanaweza kulia tena.