Ombeni Kazi, Msiombe Msaada: Barua kwa Vijana wa Kompyuta wa Magharibi mwa Kenya

Wanangu wa Maseno, Kakamega, Bondo na Kibabii, nanyi mliobaki hapa Kisumu mkiwatengenezea watu tovuti huku mkingoja mlango ufunguke,

Hamjambo. Tangu nistaafu kufundisha mmekuwa mkiniletea barua za maombi nizipitie kabla hazijatumwa Ulaya. Naifurahia kazi hiyo, ila barua zenyewe zinafanana mno. Zinaanza na shida za nyumbani, zinapitia alama za chuo, kisha zinamsihi profesa awasaidie kutimiza ndoto. Nimechoka kusema jambo lilelile kwa mmoja mmoja, basi sikilizeni nyote kwa pamoja.

Nafasi ya uzamivu (PhD) Uholanzi, Ujerumani au Sweden kwa kawaida ni kazi ya kuajiriwa. Unatia saini mkataba, unalipwa mshahara, unakatwa kodi, una likizo. Uholanzi mkataba huwa wa miaka minne. Ujerumani tangazo litataja daraja la mshahara la E13, na wakati mwingine litasema ni robo tatu ya muda wa kazi. Msilipite neno hilo haraka, maana na mshahara nao utakuwa robo tatu. Nafasi nyingi zinadai uwe umeshamaliza uzamili. Iko pia mitandao ya mafunzo ya Marie Skłodowska-Curie inayogharamiwa na Umoja wa Ulaya: sharti lake ni kwamba katika miezi 36 kabla ya kuajiriwa usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi inayokuajiri kwa zaidi ya miezi 12. Kijana wa Ujerumani anayetaka kubaki Ujerumani anakwama hapo. Wewe wa Bondo unapita.

Sasa jiulizeni mwajiri anatafuta nini. Profesa amepewa fedha za mradi, ameahidi kwamba swali fulani litachunguzwa, na hana watu wa kutosha. Anatafuta mtu wa kulibeba swali hilo kwa miaka yote ya mkataba. Karo uliyolipiwa na mjomba haimwambii chochote kuhusu swali lake. Alama nazo, samahani, waombaji wote wanazo nzuri.

Chukueni nafasi hizi ambazo wengi wenu mnazifukuzia, za uhandisi wa programu unaoongozwa na modeli, pamoja na mageuko ya programu. UML, lugha ya kuchora mifumo ya programu, ilipitishwa na OMG, shirika la viwango vya programu, mwaka wa 1997, nanyi mlichorishwa michoro yake darasani, mkafaulu mtihani, mkaisahau. Mliifahamu kama pambo la ripoti ya mradi: msimbo ukishaandikwa, mchoro unafungiwa kabatini. Watafiti hawa wanataka mchoro ndio ufanye kazi. Unaueleza mfumo kwa modeli, modeli inafuata kanuni zilizoandikwa katika metamodeli, na kompyuta inazalisha msimbo kutoka hapo. Ugumu unaanza siku metamodeli inapobadilika. Modeli zote za zamani, programu zinazozisoma, msimbo uliokwisha kuzalishwa na data iliyohifadhiwa, vyote vinapaswa kufuata bila kuvunjika. Jinsi ya kuvifanya vifuate ndilo swali ambalo watu wanalipwa kulitafuta.

Meir Lehman, aliyechunguza OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM, kisha akafundisha Imperial College, London, alianza kuliweka jambo hili katika sheria mwaka wa 1974. Programu inayotumiwa na watu lazima iendelee kubadilishwa, la sivyo manufaa yake yanapungua. Na kadiri inavyobadilishwa inazidi kuwa tata, isipokuwa mtu aifanyie kazi ya makusudi kuupunguza utata huo.

Sidhani kuna mahali panapoonyesha sheria hizo waziwazi kuliko Kenya. Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, na serikali zake zikaanza kazi mwaka wa 2013. Kila mfumo uliokuwa na nafasi ya "mkoa" na "wilaya" ukabaki na maswali. KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ya mwisho ilifanywa 2023, na programu za shule zilizodhani kila mtoto anatoka darasa la nane kwenda kidato cha kwanza zikapitwa na wakati. Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF katika bima ya afya ya umma, na mnajua foleni zilivyokuwa kwenye madirisha ya hospitali. Kwa jicho la mtafiti, hayo yote ni metamodeli kubadilika chini ya mfumo ambao watu wanautegemea. Baadhi yenu ndio mlikesha Nakuru au Busia mkirekebisha kwa mkono jedwali moja baada ya jingine. Mbona sijaliona hilo katika barua hata moja?

Na mna hazina karibu zaidi. Mwaka wa 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kaunti ya Nandi, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianzisha mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa. Kutokana na kazi hiyo, na ya AMPATH, mpango wa afya wa vyuo hivyo kule Eldoret, ikazaliwa OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, iliyobuniwa kuanzia 2004 na kuanza kutumika Eldoret 2006. Leo inatumika katika nchi nyingi, na KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa wa Kenya, imejengwa juu yake. Wabunifu wake waliamua kwamba maswali anayoulizwa mgonjwa yasiwe safu za jedwali, bali yahifadhiwe kama data katika kamusi ya dhana, ili kliniki iweze kuongeza swali bila kubomoa hifadhidata. Huko ni kufikiri kwa modeli. Msimbo wake uko wazi, pamoja na historia ya mabadiliko ya miaka mingi. Aliye na laptopu hapa mtaani Kondele anaweza kuchunguza ni sehemu zipi hubadilika pamoja, na ni moduli zipi huvunjika kiini kikisogea. Msiguse data ya wagonjwa. Mkitaka kuwahoji wanaoutumia mfumo, kwanza pateni idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti.

Chagua swali moja dogo hapo. Lijenge kwa Eclipse Modeling Framework, zana ya kujengea modeli ambayo ni ya bure, liweke GitHub, andika kurasa chache. Soma makala za karibuni za MODELS, kongamano la watafiti wa uhandisi wa modeli, lililoanza 1998 kwa jina la UML. Waandishi wengi huweka nakala za bure. Kisha barua yako ianze hivi: nimesoma makala yenu fulani, mnasema hivi, nami nilipojaribu kwenye OpenMRS nikaona vile. Ukiona wamekosea, sema kwa adabu. Ukurasa mmoja unatosha.

Barua za wadhamini nazo! Sisi wahadhiri wa huku tuna ugonjwa wa kuandika kwamba kijana ni mchapakazi na mcha Mungu. Mpelekee mhadhiri wako muhtasari wa ulichofanya mapema, aandike juu ya kazi yako. Na broka anayetaka pesa ili "akuwekee jina" mfungie mlango; nafasi hizi unaziomba mwenyewe kwenye tovuti ya chuo.

Kuna aliyeniuliza kama miaka 36 na watoto wawili ni kizuizi. Ile mitandao ya Marie Skłodowska-Curie haina kikomo cha umri. Inachotaka ni kwamba usiwe tayari na shahada ya uzamivu. Mkataba wake una posho ya familia pia, kwa hiyo tafuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa sasa hivi. Hivyo huchelewa kuliko viza.

Mwalimu wenu mstaafu,
Kisumu