Nguo ya aliyebakwa isifuliwe

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa muuguzi miaka mingi hapa mkoani Dodoma, na kuna mama mmoja sitamsahau. Alimleta bintiye hospitalini siku ya tatu baada ya binti huyo kubakwa. Alishamwogesha kwa maji ya moto, na gauni alilifua, akalikunja vizuri, akalitia kwenye mfuko wa nailoni. Alifanya hivyo kwa uchungu wa mzazi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kile alichokisuuza kwenye beseni ndicho ushahidi wenyewe.

Ndugu zangu, mtu akibakwa asioge kwanza. Nguo zake, kama ni mbichi, zikaushwe kivulini, kisha zitiwe kwenye bahasha ya kaki. Nailoni hufungia unyevu, ukungu ukaota na vinasaba (DNA) vikaharibika kabla sampuli haijafika kupimwa kwenye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hata nguo iliyokwisha kufuliwa ileteni, wakati mwingine hubaki kitu. Na aliyebakwa mwahisheni hospitalini siku hiyo hiyo: dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72. Mwenye hali mbaya atibiwe kwanza, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ifuate.

Penye mauaji nako, jamani, tusijazane kutazama wala kuosha damu kabla polisi hawajafika.

Nawaomba wenyeviti wa vijiji na mitaa wayaseme haya mkutanoni, waziwazi, akina baba wakiwepo, na ofisini ziwekwe bahasha chache za kaki. Bei yake ni ndogo mno.

Muuguzi,
Chamwino, Dodoma