YAH: MALALAMIKO KUHUSU DAWA YA MWANI ILIYOUA UDUVI WANGU

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Duka la Vifaa vya Samaki wa Mapambo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu chupa ya dawa ya kuua mwani, ule ukijani unaoota tangini. Nilimweleza muuzaji wenu wazi kwamba tangi langu ni dogo, la lita 20, na kwamba ndani hamna samaki hata mmoja: ni uduvi wekundu na konokono tu. Akanionyesha maandishi ya mbele ya chupa, kwamba dawa ni salama kwa viumbe vyote vya tangini. Nikalipa. Nakala ya risiti nimeiambatisha.

Nilitia nusu tu ya kipimo kilichoelekezwa. Jioni ile ile uduvi wakaanza kuogelea huku na huko bila kutua, na hiyo si kawaida yao. Uduvi mwenye afya hushinda akichokoachokoa kwenye majani na changarawe. Usiku wakawa wamelala ubavu, vijiguu vya tumboni vikitikisika kidogo. Kulipokucha wengi walikuwa wamekufa, miili iliyokuwa ikipitisha mwanga imekuwa myeupe kama maziwa. Jike mmoja alikufa na mayai yake yote bado yako tumboni. Konokono nao walidondoka kutoka kwenye kioo.

Ndipo nilipobandua stika ya bei mliyoibandika nyuma ya chupa. Chini yake, kwa herufi ndogo kabisa, pameandikwa kwamba ina salfeti ya shaba. Yaani mrututu, ule ule unaotumika shambani kuzuia ukungu wa mimea!

Ndugu Meneja, shaba ni sumu kwa uduvi. Damu yao yenyewe ina shaba kidogo, lakini ikizidi majini huharibu matamvua yao wanayopumulia, na kiasi ambacho samaki wengi hukivumilia kinatosha kuwamaliza uduvi. Tena haitoki kirahisi, hung'ang'ania kwenye changarawe. Nimebadilisha maji na kuweka mkaa wa chujio, lakini mpaka sasa sithubutu kuwatia uduvi wengine humo.

Nilipopiga simu, ofisa wenu alidai nimezidisha dawa, kisha akaniahidi chupa nyingine bure. Sikuzidisha, na sihitaji chupa nyingine ya sumu hiyo hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ushauri wa bure ungetosha. Mwani hustawi kwa mwanga mwingi na mabaki ya chakula. Muuzaji angeniambia tu nipunguze muda wa kuwasha taa uwe wa saa sita hivi kwa siku, nipunguze chakula, nikwangue kioo, nibadilishe maji kidogo kidogo kila wiki na niongeze mimea inayokua haraka. Ule mwani laini uduvi wenyewe wanaula. Ukiuua wote kwa mpigo kwa dawa, huoza na kumaliza hewa ya majini, na chanzo chake kikiwa bado kipo, utarudi tu.

Naomba mnirudishie bei ya dawa na ya uduvi waliokufa. Pia, na hili ndilo kubwa kwangu, iondoeni dawa hiyo rafuni hadi iandikwe kwa Kiswahili, mbele ya chupa, kwamba ina shaba na isitumike penye uduvi au konokono. Waliokwisha kuinunua wajulisheni. Nilipopita dukani Jumamosi, bado ilikuwa imepangwa pembeni ya chakula cha uduvi.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani (FCC), kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa. Chupa ninayo, na stika yenu ninayo.

Wenu,
Mteja, Tabata
(jina na namba ya simu vimo kwenye risiti)