Barua ya Wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi: Saa 48 Zianze Mtu Anaposhikwa

Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi,
Makao Makuu ya Polisi, Naguru, Kampala.

Afande,

Salamu kwa heshima. Tunaokuandikia ni wasaidizi wa kisheria na wakalimani tunaohudumu katika vituo na mahakama ambako watuhumiwa wengi husema Kiswahili: Kampala, Busia na Malaba mpakani, na kwenye makazi ya wakimbizi wa Kongo kama Nakivale, Kyaka II na Kyangwali. Tumechagua Kiswahili kwa kuwa tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na kwa kuwa vijana wako huifahamu tangu siku ya kwanza ya gwaride. Ombi letu ni kuhusu karatasi moja tu, ile inayojazwa mtu anapokamatwa.

Ibara ya 23(4) ya Katiba haina fumbo. Aliyekamatwa kwa tuhuma ya jinai, kama hajaachiliwa kabla, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile zisipite saa 48 tangu alipokamatwa. Tangu alipokamatwa, wala si tangu jina lake lilipoingia kitabuni. Tofauti ya maneno hayo ndiyo inayomeza saa za watu.

Tazama inavyokwenda. Kikosi cha operesheni kinamshika mtu Jumatano usiku, kinazunguka naye kwenye gari kikitafuta wenzake, kisha kinamshusha kituoni Alhamisi mchana. Afisa wa kaunta anamwandika kwenye kitabu cha SD, yaani kitabu cha matukio ya kituo, kuwa amepokelewa Alhamisi mchana. Hajasema uongo, maana ndipo alipomwona. Lakini faili likifika kwa mwendesha mashtaka, saa ya kupokelewa imekwisha kugeuka kuwa saa ya kukamatwa, na nusu siku imepotea bila mtu yeyote kuifuta. Akihamishwa kutoka kituo cha mpakani kuletwa Kampala, kituo kipya kinafungua ukurasa mpya na hesabu inaanza upya. Kuna pia Ijumaa ya jioni: saa 48 zinaisha Jumapili, hakimu hayupo, na mtu anakaa hadi Jumatatu au Jumanne kana kwamba Katiba nayo huenda mapumzikoni. Ibara ile haikutaja wikiendi. Imeacha milango miwili tu, mahakama au kuachiliwa, na bondi ya polisi, yaani kuachiliwa na kituo kwa ahadi ya kurudi, ipo kwa ajili ya siku kama hizo.

Halafu kuna mwanya ambao hatujaona ukizungumzwa popote, nao umo ndani ya lugha yenyewe. Mtu anaulizwa amekamatwa lini, anajibu "saa nne usiku". Konstebo anaandika 0400. Saa nne ya Kiswahili ni 2200, na Waganda nao huhesabu saa vivyo hivyo katika lugha zao, kwa hiyo kosa hili halimpati Mkongo peke yake. Saa 6 zimetoweka kwa neno moja, nazo ni sehemu ya 8 ya muda wote ambao Katiba imempa mtu huyo. Dawa yake haina gharama: saa iandikwe kwa tarakimu nne, na pembeni yake neno usiku, alfajiri, asubuhi, mchana au jioni. Vikipingana, kosa litaonekana palepale.

Hapo ndipo tunapofika kwenye lugha. Ibara ya 23(3) inataka anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu za kukamatwa kwake na haki yake ya kuwa na wakili amtakaye. Ibara ya 28(3) inataka mshtakiwa aelezwe shtaka kwa lugha anayoielewa, na apewe mkalimani bila malipo kama haielewi lugha ya kesi. Mahakamani jambo hili hutimizwa kwa kiasi. Kituoni mkalimani huwa ni yeyote aliye karibu, wakati mwingine mahabusu mwenzake, wakati mwingine mlalamikaji mwenyewe! Hata afisa anayejua Kiswahili vizuri hujikwaa kwenye maneno machache, na maneno hayo ndiyo yanayompeleka mtu gereza la Luzira.

Dhamana, kwa mfano. Kiswahili cha mtaani kinaita dhamana ile ya kituoni na ile ya mahakama, zote mbili. Ndugu anaambiwa "njoo umchukulie dhamana", anakuja na pesa, kwa kuwa amesikia mahakama huweza kudai pesa taslimu. Bondi ya polisi hailipiwi, na vituo vimebandika tangazo hilo ukutani. Kiswahili kitofautishe: bondi ya polisi, dhamana ya mahakama.

Neno onyo ni baya zaidi. Kabla ya kuchukua maelezo, afisa anapaswa kumtahadharisha mtuhumiwa kuwa halazimiki kusema, na kwamba atakachosema kinaweza kutumika dhidi yake. Mkalimani asiye na mafunzo husema "nakupa onyo". Kwa msikilizaji, kupewa onyo maana yake amesamehewa, arudi nyumbani asirudie tena. Anafurahi, anasema yote. Sema "nakutahadharisha", kisha eleza maneno yenyewe.

Wizi na unyang'anyi wa kutumia silaha navyo si kitu kimoja. Kwa wizi, hakimu anaweza kutoa dhamana. Kwa unyang'anyi wa kutumia silaha hana mamlaka hayo, na mtu anaweza kukaa rumande hadi siku 180 kabla dhamana haijawa haki yake ya lazima. Aliyeambiwa "umeshtakiwa kwa wizi" hajaelezwa shtaka lake. Na anayeulizwa "umekubali?" hujibu "nimekubali" akimaanisha amesikia. Jibu hilo likiandikwa kama kukiri kosa, kulifuta ni kazi ya rufaa nzima.

Maelezo ya mtuhumiwa yaandikwe kwanza kwa lugha aliyosema, kisha tafsiri ya Kiingereza iwe karatasi ya pili, na zote zisainiwe na mkalimani kwa jina lake. Kukiri kulikofanywa mbele ya askari wa cheo cha chini ya Inspekta Msaidizi hakupokelewi mahakamani, kwa hiyo kumharakisha mtu saa tisa usiku hakumfaidii mpelelezi. (Tahadhari ndogo kwa maafisa wa Bombo na Nile Magharibi: Kinubi si Kiswahili, hata kikisikika kama jirani yake. Muulize mtu anasema lugha gani, usikisie kwa sura.)

Tunapendekeza kila afisa wa operesheni abebe kadi yenye maneno haya, ayasome mtu akiwa bado mahali aliposhikiwa:

"Mimi ni (jina, cheo, namba). Nakukamata leo (tarehe), saa (tarakimu nne, na wakati wa siku), kwa sababu unatuhumiwa (kosa kwa jina lake kamili). Una haki ya kuwa na wakili unayemtaka. Ukitaka ndugu yako ajulishwe, nipe sasa jina na namba yake ya simu. Ndugu, wakili na daktari wako wataruhusiwa kukuona. Hulazimiki kusema lolote kuhusu tuhuma hii. Ukisema, yataandikwa na yanaweza kutumika mahakamani. Usipoachiliwa, utafikishwa mahakamani kabla ya (tarehe na saa)."

Mstari wa mwisho ndio uti wa mgongo. Afisa akilazimika kuandika mwenyewe saa ambayo muda utaisha, hakuna atakayehitaji kuhesabu tena. Fomu iwe ya nakala tatu: moja ya aliyekamatwa, moja ya ndugu au mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, wa mahali aliposhikiwa, moja ya kituo. Mtu akihamishwa, nakala ya kituo isafiri naye, na kituo kipya kiandike chini yake saa ya kumpokea pasipo kugusa saa ya juu. Hali ya mwili wake iandikwe katika kila makabidhiano. Hilo linamlinda hata askari: mtuhumiwa aliyepigwa na wananchi akiletwa na jeraha ambalo halikuandikwa, kituo ndicho kitakachoulizwa. Fomu ya PF24, ambayo daktari huijaza akimkagua mtuhumiwa, ikijazwa siku ya tatu, daktari anaweza kusema jeraha lipo, lakini ni vigumu aseme lilipatikana mikononi mwa nani.

Fomu hiyo inahitajika zaidi pale polisi wanapofanya kazi pamoja na jeshi. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu, katika rufaa ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Michael Kabaziguruka, iliamua kuwa kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba, ikaagiza kesi zao zihamishiwe mahakama za kawaida. Juni mwaka huohuo Sheria ya UPDF, yaani jeshi la Uganda, ilirekebishwa, mlango ukafunguliwa tena kwa raia katika hali zilizotajwa kuwa za kipekee, kama vile kukutwa na silaha za jeshi. Marekebisho hayo yamepingwa katika Mahakama ya Katiba, na si kazi yako kuyaamua. Lakini yeyote atakayeshinda huko, Ibara ya 23 haikuguswa: saa 48 ni zilezile, na Ibara ya 23(2) bado inataka mtu awekwe mahali palipoidhinishwa kisheria. Kituo kikimpokea raia kutoka kwa wanajeshi, kiandike jina na cheo cha aliyemleta, mahali alikotoka na saa aliyoshikwa. Afisa akiambiwa "andika tu umempokea", akatae.

Kuna maafisa watakaosema huu ni mzigo wa makaratasi. Waonyeshe Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019. Afisa wa umma anayevunja haki anawajibika yeye binafsi, hata kama serikali nayo inawajibika, na mahakama humwamuru alipe sehemu ya fidia kutoka mfukoni mwake. Kesi ikifa, anayeumia zaidi ni aliyetendewa kosa: jaji akikuta kuwa haki ya mshtakiwa isiyoweza kuondolewa imevunjwa, hubatilisha kesi na kumwachilia. Kuchelewa peke yake hakumo katika orodha ya haki hizo, iliyo katika Ibara ya 44 ya Katiba. Mateso yamo, na mateso hutokea katika saa zile ambazo hakuna aliyeziandika. Chini ya sheria ya 2012 ya kuzuia mateso, mateso ni kifungo cha hadi miaka 15, na ushahidi uliotokana nayo haupokelewi. Familia ya marehemu iliyongoja miaka inarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya usiku mmoja garini.

Ndugu wakishindwa kumwona mtu wao, hukimbilia Mahakama Kuu kuomba amri ya kumleta mahabusu mbele ya jaji. Mara nyingi siku ya kusikilizwa, mtu amekwisha kupelekwa kwa hakimu asubuhi hiyohiyo, na wakili wa serikali anasema ombi limepitwa na wakati. Fomu yenye saa ya kweli ingemwonyesha jaji siku ngapi zilitangulia asubuhi hiyo.

Wazee wa Kampala wakisikia Kiswahili cha askari hukumbuka "panda gari" ya miaka ya 1980, misako iliyojaza malori watu ambao hawakuambiwa wanapelekwa wapi wala kwa nini. Kwa wengi wao amri hiyo ni Kiswahili walichojifunza kutoka kwa dola.

Tunaomba fomu na kadi zijaribiwe katika vituo vinne kwa siku 90: Busia, Malaba, kimoja cha Kampala, na kimoja kinachohudumia Nakivale. Kila Ijumaa kamanda wa polisi wa wilaya akague fomu za wiki na aandike idadi ya waliopitisha saa 48, pamoja na sababu ya kila mmoja. Tafsiri ya kadi tumekwisha kuiandaa, na wakalimani wa kuwafundisha maafisa wa kaunta wako tayari kuanza.

Wako katika utumishi wa haki,
Wasaidizi wa kisheria na wakalimani, Kampala

Nakala: Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Msajili Mkuu wa Mahakama, Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda.