Zulia la pango la Noeli linauvua mlima nguo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitubu hadharani. Kwa miaka kumi na minane nimepamba pango la Noeli kanisani kwetu hapa Morogoro, na kila Desemba niliwatuma vijana wapande Uluguru waniletee "zulia": ule uoto laini wa kijani unaovika magome na mawe kule juu kwenye ukungu. Kamusi huuita kuvumwani. Ukipitisha kisu chini yake, unabanduka kipande kizima kama ngozi ya mbuzi. Walirudi na viroba vitatu, mwaka mwingine vinne.

Mwaka juzi nilipanda nao. Mti tuliokuwa tumeuchuna Noeli iliyotangulia ulikuwa bado uchi, gome jeusi, kavu. Wa jirani yake ulikuwa ukidondosha maji, na mvua ilikuwa haijanyesha siku mbili. Nikakamua konzi moja tu, kiganja kikajaa maji. Hapo nikaanza kuhesabu viroba vyangu.

Miaka ya 1970 mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, Tamás Pócs, aliipima misitu hii. Kule karibu na vilele, kuvumwani na mimea mingine inayoota juu ya miti huweza kushika hadi lita 50,000 za mvua kwa hekta moja, kisha huyaachia maji polepole. Mlima huu ndio unaoulisha mto Ruvu, na Dar es Salaam inakunywa Ruvu.

Tena kuvumwani zina aina zake. Iko moja, Neorutenbergia usagarae, yenye jina la Usagara, kwa jirani zetu wa Kilosa. Imo kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka, kwa kuwa misitu inamoota inakatwa. Mimi siwezi kuitambua kati ya wenzake. Vijana wangu wenye visu nao hawawezi.

Najua nitaambiwa mkaa na mashamba ya miteremkoni vinamaliza msitu kuliko kanisa. Kweli kabisa. Lakini mkaa sichomi mimi. Viroba vilikuwa vyangu.

Noeli iliyopita nilitandika magunia ya mkonge niliyoyachovya rangi ya kijani, na maranda ya seremala. Bibi mmoja wa jumuiya yetu akasema ng'ombe wangu kama amelala sokoni. Sawa. Zulia la zamani lilikuwa likigeuka kahawia kabla ya Epifania, tunalitupa jalalani. Magunia nimeyakunja, yako kabatini.

Mpamba pango,
Morogoro